Kengele ya Maziwa

Mfumo wa kisasa wa kengele za moto ni rozari. Sijui mwalimu wangu wa masomo ya usiku angesema nini akinisikia, lakini ndivyo ninavyowaeleza watu wa kwetu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mara ya pili. Waya mmoja unatoka kwenye paneli, unazunguka jengo zima darini, unarudi kwenye paneli. Kila kihisi kilichoning'inia kwenye waya huo ni punje, na kila punje ina namba yake. Moshi ukigusa punje ya kumi na saba, paneli inajua ni ya kumi na saba, haisingizii jirani. Halafu fundi anakaa na vitufe, anaiambia paneli: punje hizi ni kanda ya kwanza, hizi ni kanda ya pili, hii wodi, ile stoo. Ili kengele ikilia watu wasitawanyike kama kuku waliomwona mwewe. Kupanga kanda ni hilo tu, kuamua watu wakimbilie wapi na wakimbie kutoka wapi.

Kazi hiyo naipenda. Niliisomea Kayanga, miaka ambayo mchana niliuza vocha za simu na usiku nilisinzia juu ya michoro ya umeme, na hadi leo nashikilia kwamba nusu ya ninayoyajua niliyaota.

Sasa, mwaka ninaousimulia mvua za vuli ziliwahi, na mama akafariki. Aliugua, akalazwa wodi ya wanawake katika hospitali moja huko Kyerwa, upande wa Kamuli. Wakamtibu walivyoweza. Alitutoka asubuhi, dada yangu akiwa amekwenda kuchukua maji ya chai. Hakuna wa kulaumiwa, na msidhani nasema hivyo kwa upole. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa. Tukamzika nyumbani Kibingo, kibanjani, kwenye migomba aliyoipalilia mwenyewe.

Sikulia. Watu walinitazama wakingoja, kama mtaa unavyongoja umeme urudi, na umeme haukurudi. Nilibeba mabenchi. Nilichonga vigingi vya turubai. Niliwasimulia waombolezaji habari za paneli niliyoiona Mwanza, kubwa kuliko kabati la bibi harusi, wakacheka mpaka shangazi akatoka ndani kutukemea. Mdomo wangu ulikuwa kazini kama kawaida. Ndani kulikuwa kimya kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu.

Shida ikawa baba.

Baba ni mtu wa ng'ombe. Anao wanne, ambao nikiwasimulia mjini huwa arobaini. Maisha yake yote amekunywa maziwa asubuhi na jioni kutoka kwenye ekyanzi, kile chombo chembamba kilichochongwa kwa mti, chenye kifuniko cha kusuka. Na ekyanzi haitiwi maziwa hivi hivi. Mama alikuwa akiweka nyasi kavu za malishoni kwenye chetezo kidogo cha udongo, anaziwasha, anauzima moto ubaki moshi, kisha anakifudikiza chombo juu yake mpaka moshi uingie kwenye mti wenyewe. Ndipo anamimina maziwa. Kwa baba, maziwa yasiyopita kwenye moshi ni maji yaliyopotea njia.

Matanga yalipoanuliwa na watu kurudi makwao, dada alibaki naye. Akampa maziwa kwenye kikombe cha bati. Baba akayatazama tu. Akampa kwenye jagi la plastiki. Baba akageukia ukuta. Ndizi alizigusa, maharage aliyasogeza. Dada akajaribu kufukiza mwenyewe kwa makaa ya jikoni. Moshi ukajaa nyumba nzima, na maziwa, kwa maneno yake, yakawa na ladha ya nyumba iliyoungua. Baba alitema. Hatukuwahi kujifunza kazi ile. Mama hakumwachia mtu, nasi tulikuwa na shughuli nyingi za kukua.

Dada alinipigia nikiwa Kayanga. Akasema baba suruali anaifunga kwa kamba. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba tukiendelea hivi tutachimba tena kabla udongo wa mama haujatulia. Nikamjibu nitakuja. Sikwenda. Nilikuwa nakaa chumbani naangalia viatu vyangu, na kila mara niliona kwamba kuvivaa ni kazi ya kesho.

Bosi wangu ndiye aliyeniamsha. Ana duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya Kayanga. Babu yake alitoka pwani akiwa na mzigo wa kanga, na Kiswahili chake kinateleza kama mafuta ya nazi, akikutukana unamshukuru. Alikuwa amepata kazi ya kengele za moto katika hospitali ile ile. Waya zilishapita, vihisi vilishafungwa na fundi mwingine, kilichobaki ni kanda zipangwe sawasawa ili afisa wa zimamoto aje akague. Ila kulikuwa na mkosi: kengele ya wodi ya wanawake ililia kila asubuhi na hakuna kilichoungua.

Aliniita dukani, akaniketisha kwenye bunda la nyaya, akasema anaweza kuagiza fundi kutoka Bukoba.

"Ndugu yangu, pale pana mtu wako," alisema.

"Mtu wangu yuko Kibingo," nikamwambia. "Pale pana kitanda tu."

Akafungua droo ya kaunta, akapekua. Kisha akanipa funguo za pikipiki yake.

Matope ya njia ile wakati wa mvua yanaweza kumeza pikipiki na kucheua tairi. Nilifika nikiwa na rangi moja na barabara. Aliyenipokea ni muuguzi mkuu wa wodi, mama wa Muleba, Mlutheri, mwenye sauti ya kusimamisha kwaya nzima kwa neno moja.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa yule mama wa dirishani?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa."

Alinitazama jinsi wauguzi wanavyotazama kipimajoto wasichokiamini. Halafu akaingia kwenye kazi. Alitaka kanda ile izimwe. Sio kengele zote, alisema, yeye si mwendawazimu. Kanda ya wodi yake tu. Mwanzoni wagonjwa wake wa presha walikuwa wakishtuka kila asubuhi. Siku hizi hawashtuki tena, na hilo lilimtisha zaidi, ila hakuwa na nafasi ya kutishwa na mambo mawili.

Kuzima kanda ni jambo la vitufe viwili. Taa ndogo ya njano inawaka, mwisho wa habari. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya paneli na kidole kiko tayari. Ningependa kusema nilizuiwa na maadili ya kazi. Kilichonizuia ni kwamba nikizima nitakuwa nimemaliza, na nikimaliza sitakuwa na kisingizio tena cha kutokwenda kumwangalia baba akikonda. Basi nikamwambia sista kwamba lazima nipime kwanza, kitaalamu. Neno kitaalamu lina nguvu sana hospitalini.

Nikapitia kanda ile kwenye paneli. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka punje tatu kwenye kapu moja: wodi yenyewe, stoo ya mashuka, na veranda ya nyuma. Zote aliziita kanda ya tatu, na zote zilikuwa za kunusa moshi. Nikachukua ule mkebe wetu wa moshi wa majaribio, nikaingia stoo, nikapuliza.

Kengele ikalia. Ile kengele, nawaambia, ingeweza kuamsha maiti wa kata tatu na kuwapanga mstari. Nikatoka mbio kwenda wodini kuona watu wanavyokimbia.

Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja alivuta droo ya kabati lake, akatoa kikombe. Jirani yake akatoa chake. Kisha safu nzima, vikombe vya plastiki, vifuniko vya chupa za chai, bakuli la dawa. Mwenye dripu mkono wa kulia alinyoosha kikombe kwa wa kushoto. Wote walikuwa wanatazama mlango wa veranda.

"Mama," nikamwambia wa karibu, "hiyo ni kengele ya moto."

"Najua, mwanangu. Maziwa yameiva." Akasogeza kikombe mbele kidogo. "Mwambie safari hii asianze na upande ule. Asubuhi walitumalizia."

Sista alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Umeona?" akasema.

Nikacheka. Nilijua hapo ndipo mtu hucheka. Lakini hata nikicheka niliona jambo lilivyo: siku stoo ile ya mashuka ikishika moto kweli, wanawake wale wangekutwa wamekaa vitandani, vikombe mkononi. Na kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine, msichana mwenye nywele zilizosukwa upya, naye amenyoosha kikombe.

Nililala nyumba ya wageni jirani. Asubuhi, mvua ikinyesha, nikaenda kukaa veranda ya nyuma kumngoja mkosaji.

Mkosaji alikuwa bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mkamwana wake. Alikaa pembeni kabisa kwenye kigoda chake, kanga begani, mbele yake chetezo cha udongo, na juu ya chetezo ekyanzi imefudikizwa. Moshi ulipanda taratibu, ukatambaa chini ya dari, ukaenda moja kwa moja kwenye kihisi kana kwamba umeitwa. Nilikuwa nimeshafunga sauti ya kengele kwa muda, kwa hiyo hakuna kilicholia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea huko, unanizibia upepo."

Nikasogea. Nikamweleza kwamba moshi wake ndio unaopiga kengele kila siku. Akasema anajua. Siku ya kwanza alishtuka akakaribia kumwaga, lakini sasa anaona inamsaidia, hana haja ya kuita watu. Ng'ombe ni wa mwanawe, maziwa yanaletwa na bodaboda, mengi kuliko anavyoweza kunywa mgonjwa mmoja. Awanyime wengine kwa nini? Nikamuuliza kwa nini asifukizie kule kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa.

"Kule wanapika samaki," akasema.

Aliniangalia kana kwamba nimemshauri afungishe ndoa ng'ombe. Kwetu maziwa na samaki havikai nyumba moja, sembuse moshi mmoja, nami nilijua hilo kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Masomo ya usiku yana namna yake ya kumsahaulisha mtu.

Hapo harufu ikanifikia. Mwandishi hodari angeandika kwamba machozi yalimtoka. Hayakunitoka. Nilichosikia ni njaa. Tumbo lilinguruma kwa sauti mpaka bibi akageuka, na nikakumbuka kwamba tangu msiba nilikuwa nakula kwa saa tu, kama mtu anayemeza dawa.

Simu ikaita. Dada. Akasema baba leo ameamka amekunywa kahawa tupu, vijiko kadhaa, amelala tena, na ameuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Anauliza kama wamekamuliwa, dada alisema, halafu hanywi. Aliniuliza nakuja lini. Nikasema niko kazini. Akakata simu bila kuaga, na dada yangu hata mtu wa namba iliyokosewa humuaga.

Bibi alikuwa amesikia upande wangu wa maongezi, na upande wa dada pia, maana dada huongea na simu kama anaita ng'ambo ya mto. Sikuficha. Nikamwambia baba yangu amekataa kula tangu mama afariki, na nikamwomba anifundishe kufukiza.

"Wewe? Mwanaume?" Alicheka mpaka kanga ikateleza. "Mkeo yuko wapi?"

"Sijaoa."

"Na mama yako aliyekufa hakumfundisha hata mmoja wenu?"

"Hakumwachia mtu. Alikuwa hapa hapa, kitanda cha dirishani."

Bibi akaacha kucheka. Akalitazama dirisha, lililokuwa wazi nusu, umbali wa mkono tu kutoka kigoda chake.

"Yule," akasema. "Yule alinisumbua. Amelala, hawezi kunyanyua kichwa, ananiambia kupitia hapo dirishani kwamba nazidisha nyasi. Kwamba moshi wangu una harufu ya haraka. Nimefukiza tangu msichana, mtu ananifundisha akiwa kitandani!" Akanyanyua ekyanzi, akachungulia ndani, akairudisha. "Nikapunguza, ili anyamaze. Akanywa. Sikurudia tena kuzidisha."

Nikachuchumaa kando yake. Akanionyesha: nyasi kiasi cha kujaa kiganja, zilizokauka bila kuoza, moto uwashwe kisha uuawe, ukiona mwali chini ya chombo, umeshaharibu. Uvumilivu. Kisha kitambaa kisafi mdomoni mwa chombo ili moshi usitoroke. Nikamwambia hata mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, kutofautisha moshi na moto. Akasema basi kazi yangu ni rahisi, maana yangu hainywewi.

Nikarudi kwenye ngazi yangu. Pale veranda nilitoa kile kihisi cha moshi, nikafunga cha joto, ambacho hakijali moshi hata ukikifukiza mwaka mzima; chenyewe kinangoja moto wenyewe. Nikakipa namba yake, nikaenda kwenye paneli, nikalivunja lile kapu la fundi wa kwanza. Wodi ikawa kanda yake. Stoo ya mashuka ikawa kanda yake. Veranda ya nyuma ikawa kanda yake. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba unahamisha vyumba bila kugusa ukuta. Nikafungua sauti, nikamwomba bibi afukize tena. Akafukiza. Paneli kimya. Akaniambia sasa nimemharibia, itabidi aite watu kwa mdomo.

Nikaenda stoo, nikapuliza mkebe. Kengele ikalia, na paneli ikaandika vizuri kabisa kwamba ni stoo ya mashuka. Nikakimbilia wodini.

Vikombe vyote vilikuwa nje.

Hapo ndipo nilipomwona sista akifanya kazi. Alisimama katikati ya wodi, akaingoja kengele inyamaze, kisha akasema kuanzia leo maziwa yataitwa na bibi kwa mdomo wake, na kengele ikilia kila mwenye miguu asimame, amshike asiye na miguu, watoke kwa mlango wa mbele. Atakayeonekana na kikombe kengele ikilia, kikombe hicho ni chake yeye sista. Mgonjwa mmoja akanung'unika kwamba mvua inanyesha huko nje. Sista akamwambia moto haungoji jua. Akawarudisha vitandani, akaniagiza nipulize tena.

Niimalize kabisa habari ya afisa wa zimamoto, maana sitairudia. Alikuja baadaye, sista akiwa ameshaizoeza wodi ile mpaka hata mimi ningeiogopa. Akapuliza moshi stoo. Wanawake wakatoka wawili wawili, wameshikana, wazima kwa wagonjwa. Mmoja tu alikuwa amekificha kikombe chini ya kanga, huwezi jua. Afisa akaweka sahihi.

Lakini mimi siku ile ya veranda sikungoja kitu. Mchana nilifunga zana zangu. Bibi akanipa fungu la nyasi zake, amelifunga kwa kamba ya mgomba, akisema za kwangu nitakazookota njiani zitakuwa za kulishia mbuzi. Nikalifunga kwenye tangi la pikipiki, nikaelekea Kibingo.

Dada alinipokea uani. Hakunisalimu, alinionyesha mlango kwa kidevu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, koti limemzidi. Nikampa shikamoo, akaitikia. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba hata kola ya shati haikumgusa. Nilimwangalia kama ninavyoangalia mchoro: hapa pamepungua, hapa pamepungua. Sikusikia kitu kingine, na sitasema nilisikia.

Nikatoa chetezo cha mama chini ya rafu, majivu yake bado ndani. Sikuyamwaga. Nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaweka nyasi, nikawasha, nikaua moto, nikafudikiza ekyanzi. Majirani wawili walipita njiani, wakasimama kuangalia mwanaume mzima anafukiza chombo cha maziwa, wakaendelea na safari. Habari hiyo sasa iko Uganda. Baba naye alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Moshi ulimwendea.

Dada akaleta maziwa ya jioni, yamekamuliwa sasa hivi, yana joto. Nikamimina, nikafunika, nikatikisa kidogo kama nilivyomwona bibi akifanya. Nikampelekea baba kwa mikono miwili.

Alikishika chombo. Alikisogeza puani kwanza, akakaa hapo muda mrefu. Dada alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Baba akanywa funda moja. Akameza. Akalitafakari.

"Umezidisha nyasi," akasema.

Akanywa tena. Akaendelea kunywa, taratibu, akipumzika katikati, mpaka akakiinamisha chombo kabisa. Akapangusa mdomo kwa kiganja, akanirudishia.

"Kesho punguza."

Dada aliingia ndani, nikamsikia anagonganisha vyombo visivyohitaji kuoshwa. Mimi nikabaki nimesimama na ile ekyanzi tupu mkononi, ikiwa bado na joto. Nilijaribu kusikia kitu, chochote. Nikasikia njaa. Nikaenda jikoni nikala ndizi za baba, zile alizozikataa mchana, zote, na kama kuna mtu aliyewahi kula sufuria kubwa kuliko ile peke yake, basi yuko mbali sana na Kibingo.

Kesho yake nikapunguza.